Fosfati na Sumu ya Madini katika Ardhi ya Geita na Shinyanga

Katika nchi iliyo baina ya mji wa Shinyanga na ghuba ya Nungwe, ambako dhahabu imetafutwa tangu zama za Wajerumani, ambako mgodi wa zamani wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966, na ambako wachimbaji wadogo kwa maelfu, na baadaye makampuni makubwa ya Geita, Bulyanhulu na, hadi mwaka 2021, Buzwagi, wameendelea kuigeuza ardhi juu chini, kumebaki kitu ambacho hakipimwi katika mizani ya wanunuzi wa dhahabu. Kitu hicho ni marudio, yaani ule mchanga laini wa kijivu unaobaki baada ya mawe kusagwa na dhahabu kutolewa, ambao hulundikwa kando ya mialo, yaani mahali pa kuchenjulia dhahabu, kisha mvua ikinyesha ukateremka mashambani na katika malambo ya ng'ombe. Ndani yake mna madini yaliyokuwa yamefungwa mwambani tangu kale, kama vile shaba, zinki, risasi na aseniki, yaliyotulia kwa sababu hewa na maji hayakuyafikia; na mna zebaki, ambayo haikuwamo kabisa, bali imetiwa kwa mkono wa mwanadamu.

Kwa muda wa miaka thelathini na zaidi imeenea katika vyuo vya elimu ya udongo duniani fikra kwamba sumu kama hizi zaweza kutulizwa kwa fosfati, kitu kile kile ambacho mkulima hukinunua kama mbolea. Na kwa kuwa Tanzania inao mwamba wa fosfati wa kwake mwenyewe huko Minjingu, na mifupa ya mifugo na ya samaki haikosekani katika Kanda ya Ziwa, si ajabu mtu akauliza kwa nini dawa hiyo isimwagwe katika mialo yote ya Geita na Kahama. Swali hilo ni la haki na linastahili jawabu kamili. Madhumuni ya uchambuzi huu ni kuonyesha kwamba fosfati ni dawa ya kweli kwa sumu moja, ni dawa dhaifu kwa sumu mbili tatu nyingine, si dawa kabisa kwa zebaki, na kwa aseniki yaweza kuwa ni kuzidisha maradhi. Na kwamba katika ukanda wa dhahabu, kwa bahati mbaya, hizo mbili za mwisho ndizo zinazotisha zaidi.

Sumu ya madini mazito ina tabia isiyolingana na sumu nyingi nyingine: haiozi. Dawa za wadudu nyingi huvunjika kwa jua na kwa vijidudu vya udongo. Sayanaidi yenyewe, ambayo nayo hutumika kuitoa dhahabu, pamoja na ukali wake wote, ikipata hewa na jua hupungua nguvu na mwishowe kutoweka. Lakini risasi iliyoingia shambani mwaka huu itakuwapo zama za wajukuu, maadamu udongo wenyewe upo. Kwa hiyo hapana ila njia mbili: ama kuuchimba udongo ule na kuuhamishia mahali palipoandaliwa, ama kuyafunga madini hapo hapo yalipo yasipate kuyeyuka. Njia ya kwanza ndiyo thabiti, walakini katika vijiji kama Rwamagasa, Nyarugusu au Mwakitolyo, ambako marudio yametapakaa baina ya nyumba, mashamba na vijito, hakuna awezaye kuahidi kwa unyofu kwamba yatazolewa yote. Njia ya pili imesimama juu ya hoja ambayo msomaji sharti aishike vema, kwani yote yatakayofuata yanaitegemea: madhara ya madini hayaendi kwa wingi wake udongoni, bali kwa kiasi kile kinachoweza kuyeyuka katika maji ya mvua, au kunyonywa na mizizi ya mahindi na mpunga, au kuachiliwa na asidi ya tumbo la mtoto aliyelamba vidole vyenye vumbi. Mashamba mawili yaweza kuwa na risasi sawasawa yakipimwa maabara, na moja likawa linaua, ilhali la pili halimdhuru mtu.

Katika madini yote, risasi ndiyo inayoitii fosfati. Fosfati ikiyeyuka katika maji ya udongo na kukutana na risasi iliyoyeyuka, huungana pamoja na klorini, ambayo hupatikana karibu katika kila udongo, na kufanya fuwele za pairomofaiti, ambayo ni katika misombo ya risasi iliyo migumu kuyeyuka kupita yote ijulikanayo katika ardhi. Mwaka 1993 Qi Ying Ma na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba apataiti, ambayo ndiyo madini ya mwamba wa fosfati na ndiyo jamaa ya madini yanayoipa mifupa na meno ugumu wake, ikitiwa katika maji yenye risasi huinasa risasi hiyo karibu yote. Tangu hapo jambo hili limetoka maabara likaingia uwanjani. Mwaka 2001, katika jimbo la Idaho, mifupa ya samaki ilizikwa penye njia ya maji yanayotiririka kutoka katika marudio ya mgodi wa Success, ili maji yapite katikati ya mifupa ile na kuacha humo risasi, zinki na kadimiamu. Na mwaka 2011 unga wa mifupa ya samaki ulichanganywa katika udongo wa nyua za mtaa wa South Prescott, mjini Oakland, California, ambao ulikuwa umejaa risasi, na juu yake ikawekwa tabaka ya udongo safi na majani. Watu wa mtaa ule hawakuhamishwa, wala malori hayakuupeleka udongo wao katika jalala la mtaa mwingine wa maskini.

Hata hivyo tendo hili lina masharti. Sharti la kwanza ni kwamba fosfati yenyewe iyeyuke, kwa sababu kipande cha mwamba kikikaa kizima udongoni hakimfungi mtu wala kitu; na mwamba wa fosfati huyeyuka penye uchachu, ukawa mzito kuyeyuka penye chokaa. Sharti la pili ni kwamba risasi nayo iwe imeyeyuka kwa kadiri fulani, ili viwili hivyo vikutane. Kwa sababu hiyo mafundi wengine hutia asidi ya fosfori badala ya mwamba, ambayo hufanya kazi upesi, lakini huuchachusha udongo na kuyaamsha madini mengine yaliyokuwa yamelala, hata ikalazimu chokaa itiwe baadaye.

Mwambao wetu unao mfano mmoja ambao dawa hii ingeustahili kwa kila hali. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilitoa moshi na maji yenye risasi ukutani kwa ukuta na nyumba za watu, hadi kilipofungwa mwaka 2014 baada ya mapambano yaliyoongozwa na Bibi Phyllis Omido, aliyetunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya mwaka 2020, na baada ya hukumu hiyo kutenguliwa katika rufaa, Mahakama ya Juu iliirudisha Desemba 2024. Pale sumu inajulikana, nayo ni risasi. Na udongo wenye risasi ndio ambao fosfati imethibitika kwao. Mfano wa pili, ulio mchungu zaidi, ni wa jimbo la Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, ambako mwaka 2010 watoto zaidi ya 400 walikufa baada ya wachimbaji wadogo kuyaleta mawe ya dhahabu majumbani na kuyasaga kwa vinu vya unga, ilhali mawe yale yalikuwa na risasi nyingi mno. Huko hapakuwa na nafasi ya kungoja fuwele ziumbike. Udongo ulikwanguliwa na kuondolewa. Nataja Zamfara kwa sababu watu wa Geita nao hupeleka mawe nyumbani, na katika mishipa ya mawe meupe galena, ambayo ndiyo mawe ya risasi, huonekana mara kwa mara pamoja na pairaiti, ambayo ni muungano wa chuma na salfa, japo si kwa wingi ule. Duara moja, yaani shimo moja la wachimbaji, si sawa na jingine, na anayesema kwamba dhahabu ya kwetu haina risasi hana budi kuonyesha vipimo vya duara kwa duara.

Kuhusu zinki na kadimiamu, fosfati husaidia, lakini kwa nguvu ndogo: hushikwa juu ya uso wa apataiti, wala hazifanyi fuwele ngumu kama ile ya risasi, na uchachu ukizidi huachiliwa tena. Shaba hushikwa kidogo, nayo si neno dogo katika wilaya za Kahama, kwa kuwa mawe ya Bulyanhulu yana shaba pamoja na dhahabu na fedha, kama nchi nzima ilivyokuja kujua mwaka 2017 wakati makontena ya makinikia, yaani mchanga wenye madini hayo, yalipozuiliwa bandarini.

Tuje sasa kwenye zebaki. Mtu akisimama penye mwalo wakati wa kazi huona mambo yote kwa mfululizo wake: karasha linanguruma na kusaga mawe kuwa unga, unga huo, ukichanganywa na maji, unateremshwa juu ya ubao wa mshazari uliotandikwa magunia, ili chembe nzito zibaki katika nyuzi, magunia yanakung'utwa ndani ya karai, ndipo zebaki, aghalabu iliyotunzwa katika kichupa cha plastiki, inapomiminwa kwa kadiri ya kifuniko kimoja na kusuguliwa pamoja na mchanga kwa kiganja kitupu, hata ikaikusanya dhahabu na kuwa bonge jeupe. Bonge hilo hukamuliwa ndani ya kitambaa, matone yanayotoka yakarudishwa kichupani, na kilichobaki huchomwa juu ya mkaa mpaka weupe utoweke na unjano wa dhahabu uonekane. Weupe ule haukuangamia. Umekwenda hewani, mapafuni mwa mchomaji na mwa mtoto aliye mgongoni mwa mama yake, na baadhi yake huanguka tena juu ya ardhi iliyo karibu. Maji ya karai humwagwa shimoni, na zebaki iliyokatika kuwa chembe ndogo mno hubaki humo pamoja na marudio. Aghalabu zebaki inayopotea kwa njia hizi hulingana na dhahabu inayopatikana au huizidi.

Juu ya zebaki hiyo fosfati haina mamlaka. Kinachoifunga zebaki ni salfa, na kwa kiasi fulani mboji iliyooza vizuri; fosfati ikimwagwa juu yake mfuko kwa mfuko, zebaki itabaki kama ilivyokuwa. Tena ina hila ambayo risasi haina: ikifika katika tope lisilopata hewa, kama lile la majaruba na vinamasi, vijidudu huigeuza kuwa zebaki ya methili, ambayo huingia katika samaki na kupanda kutoka samaki mdogo hadi mkubwa na hadi kwa mlaji. Uchunguzi uliofanywa Rwamagasa chini ya mradi wa zebaki wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda, ulioanza mwaka 2002 na kuzihusisha nchi sita, Tanzania ikiwa mojawapo, ulionyesha kwamba uchafu mkubwa umekaa karibu na mialo yenyewe, na kwamba samaki wa ghuba ya Nungwe walikuwa na zebaki kidogo. Jambo hilo lilikuwa la faraja, illa ni faraja inayodumu kwa muda ule tu ambao marudio hayatembei.

Nayo marudio yanatembezwa. Mwenye karasha huyauza kwa mwenye matangi ya sayanaidi, ambaye huyaloweka upya ili aitoe dhahabu iliyoponyoka zebaki. Na sayanaidi, pamoja na dhahabu, huiyeyusha zebaki iliyobaki humo na kuifanya iwe nyepesi kusafiri na maji kuliko ilivyokuwa mwanzo. Mapatano ya Minamata juu ya zebaki, yaliyoanza kutumika mwaka 2017, ambayo Tanzania iliyatia saini mwaka 2013 na kuyaridhia mwaka 2020, yameitaja kazi hii ya kutia sayanaidi katika mchanga wenye zebaki kuwa miongoni mwa matendo manne mabaya ya kukomeshwa, pamoja na kuchanganya zebaki na mawe yote badala ya mchanga uliokwisha kuchujwa, kuichoma peupe, na kuichoma penye makazi ya watu. Kwa rai yangu, katika suala la zebaki, shilingi moja iliyotumiwa kukomesha matendo hayo ni bora kuliko mia zilizotumiwa kutafuta dawa ya udongo baadaye.

Aseniki ndiyo inayohitaji hadhari kubwa kupita zote, na hapa naomba msomaji avumilie kidogo elimu ya kemia. Dhahabu ya ukanda huu mara nyingi hukaa pamoja na pairaiti na jamaa yake yenye aseniki, ambayo ni muungano wa chuma, aseniki na salfa. Mawe haya yakisagwa na kuachwa hewani, salfa hugeuka asidi, na aseniki hutoka ikiwa katika umbo la aseneti. Aseneti hii haiendi mbali endapo itakutana na kutu ya chuma, ambayo ndiyo inayoupa udongo wa vilima vya Geita wekundu wake: hung'ang'ania juu ya chembe za kutu na kutulia hapo. Sasa, fosfati na aseneti zina umbo moja na chaji moja, na hugombea mahali pale pale juu ya kutu, kama ndugu wawili wagombeao kiti kimoja. Na mwenye kumwaga fosfati nyingi katika udongo wenye aseniki amemleta yule ndugu mwenye nguvu, ambaye humwondoa mwenziwe na kumtupa majini. Aseniki iliyokuwa imeshikwa huachiliwa, huteremka na maji ya chini, na kisima cha jirani huchafuka kwa ajili ya dawa iliyokusudiwa kukiokoa.

Hili si dhana ya mezani. Åsgeir Almås wa Norwe na Mkabwa Manoko wa Tanzania, waliopima udongo, mashapo na maji kuizunguka migodi ya Geita na North Mara na kuchapisha matokeo yao mwaka 2012, waliitaja aseniki miongoni mwa madini ya kuangaliwa. Na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Stockholm, wamekuta katika bonde la Ziwa Victoria visima ambavyo maji yake yanazidi kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha maikrogramu 10 za aseniki kwa lita. Katika nchi ambayo mbuga zake hulimwa mpunga, jambo hili lina uzito wa ziada, kwa sababu jaruba likijaa maji na kukosa hewa, kutu ya chuma huyeyuka, aseniki iliyoshikwa nayo huwa huru, na mpunga ni katika mazao yanayoinyonya kwa wepesi mkubwa.

Tiba ya aseniki, basi, ni chuma. Gabriel Kassenga na Rubhera Mato, wahandisi wa mazingira wa Dar es Salaam, walikwisha kuonyesha kwamba udongo mwekundu wa kwetu, ukiandaliwa, waweza kuyachuja maji ya maeneo ya migodi ya Kanda ya Ziwa na kuinasa aseniki yake. Naliona hili kuwa miongoni mwa maarifa yenye thamani kubwa yaliyotoka katika vyuo vyetu juu ya suala hili, kwa kuwa dawa yenyewe iko chini ya nyayo za wale wanaoihitaji, na kwa sababu limeanzia katika tabia ya udongo wa hapa hapa.

Na udongo wa hapa si mmoja. Geoffrey Milne, mwanakemia wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha Amani, huko Usambara, katika miaka ya 1930, alieleza jinsi udongo wa Afrika ya Mashariki unavyobadilika kwa utaratibu kutoka kichwa cha kilima hadi bondeni, na elimu hiyo aliyoitoa Tanganyika ikaenea ulimwenguni. Wasukuma walikuwa wakiijua kabla yake, na kila ngazi wameipa jina: luseni, wenye mchanga, juu karibu na mawe; itogolo, mgumu na wa kijivu, katikati; ibushi, wenye chokaa; na mbuga nyeusi chini kabisa. Anayetaka kutumia fosfati hana budi kuipanda ngazi hiyo kwa miguu. Katika udongo mwekundu wa vilimani, chuma na alumini huikamata fosfati kabla haijaifikia risasi, hivyo kipimo kinachotosha kwingine hapo hakitoshi. Katika luseni hakuna cha kuizuia, na mvua ya kwanza huichukua. Katika ibushi chokaa huufanya mwamba wa fosfati usiyeyuke, na wakati huo huo aseniki huwa nyepesi kutembea. Na mbugani, masika yakifika, mambo yote niliyoyasema juu ya maji yasiyo na hewa huanza upya. Kanuni moja kwa wilaya nzima, achilia mbali mkoa mzima, haiwezi kuwa kanuni ya elimu.

Imebaki kuutazama mwamba wenyewe. Fosfati ya Minjingu, iliyo karibu na Ziwa Manyara katika wilaya ya Babati, iligunduliwa katika miaka ya 1950 na kuanza kuchimbwa mwaka 1983 ili kulisha kiwanda cha mbolea cha Tanga. Asili yake ni samadi na mifupa ya ndege wa majini na samaki wa ziwa la kale, na kwa sababu hiyo huyeyuka kwa wepesi kuliko fosfati nyingi zitokazo katika miamba ya moto. Watafiti wa Kenya magharibi waliisifu katika miaka ya 1990 kuwa mbolea inayofaa kutiwa mashambani moja kwa moja katika udongo mchachu. Fadhila hizo ni za kweli. Lakini mwamba huo pia una urani kwa kiasi kikubwa kuliko fosfati nyingi za dunia, na una floridi; nao wanaotaka kuumwaga kwa wingi katika ardhi iliyokwisha kujeruhiwa wanapaswa kuueleza umma kwamba wanaondoa hatari moja huku wakileta nyingine ndogo, na kupima kama biashara hiyo ina faida. Mifupa haina lawama hiyo. Shinyanga ni nchi ya ng'ombe, na viwanda vya minofu ya sangara huko Mwanza hutoa mifupa kila siku. Hata hivyo lazima ikumbukwe kwamba mapanki, yaani mifupa hiyo ya sangara iliyobaki baada ya minofu kutolewa, ni chakula cha watu na lishe ya kuku, na kwamba dawa ya udongo isiponunuliwa kwa bei ya haki itakuwa imemnyang'anya maskini kitoweo chake. Kuunguza mifupa kwa moto usio na hewa nyingi, ikawa mkaa mweusi wenye apataiti, si kazi ngeni nchini: kituo cha Ngurdoto, Arusha, kimetumia mkaa wa mifupa kwa miaka mingi kuondoa floridi katika maji ya kunywa.

Ziwa nalo lina haki yake. Fosforasi, ambayo ndiyo iliyomo katika fosfati, ni miongoni mwa virutubisho vilivyolisha mwani na magugu maji yaliyofunika ghuba za Victoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na vijito vingi vya Geita vinamwaga maji yake humo. Kwa hiyo fosfati za viwandani zinazoyeyuka upesi, hata zikiwa bora kwa kuifunga risasi, hazifai kutandazwa katika miteremko inayoelekea ziwani. Na hata ile iyeyukayo polepole itumike kwa kiasi kilichopimwa, ikachanganywa ndani ya udongo, isimwagwe juu.

Zaidi ya hayo, sumu iliyofungwa haijaondoka. Bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, lilipobomoka Novemba 2022 na tope lake kufunika mashamba, halikuwa na zebaki wala sayanaidi, kwa sababu almasi haichenjuliwi kwa vitu hivyo. Walakini lilionyesha mbele ya macho ya kila mtu umbali ambao mchanga wa mgodi waweza kusafiri kwa saa chache. Fuwele ya pairomofaiti ikichukuliwa na mafuriko, au ikipeperushwa na upepo wa kiangazi hadi puani mwa mtu, bado ni risasi. Kwa sababu hiyo, kufunga kwa kemia hakukamiliki bila kufunika kwa majani na miti, na katika jambo hili Shinyanga haihitaji mwalimu kutoka nje: mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, uliifufua desturi ya ngitili, yaani kulizungushia eneo mipaka na kuliacha liote, hadi ardhi iliyokuwa imekaribia kuwa jangwa ikarudisha miti na nyasi. Marudio yaliyotulizwa, kisha yakafanywa kuwa ngitili isiyochungwa wala kulimwa, yangekuwa na ulinzi ambao hakuna mfuko wa dawa unaoweza kuutoa peke yake. Ugumu uko katika neno lile la kutochungwa, kwani mwenye ng'ombe mwezi wa Septemba hauoni uchafu ulio chini ya nyasi mbichi. Na hapo kazi ni ya serikali ya kijiji na wazee, zaidi kuliko ya mwanakemia.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imewapa mamlaka wanaohusika kumtaka mchafuzi arekebishe alichokiharibu, na kwa kampuni kubwa zilizo na majina na hesabu za benki amri hiyo ina mahali pa kushika. Marudio ya wachimbaji wadogo hayana mtu wa kushikwa: aliyechimba amehama, mwenye karasha ameuza, na aliyenunua ameyatia sayanaidi na kuyaacha. Ardhi za namna hiyo zitabaki mzigo wa umma, na kwa kuwa fedha za umma hazitoshi kwa kila lundo, ni lazima zianzie pale ambapo watu wanaishi juu ya sumu, si pale ambapo ni rahisi kufika na gari.

Majaribio yanayohitajika si makubwa. Yachaguliwe maeneo machache yaliyo tofauti kwa ngazi ya udongo, kama mwalo ulio kilimani Nyarugusu na shamba lililo mbugani Kahama. Udongo upimwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali au katika maabara za Chuo Kikuu cha Sokoine, si kwa jumla ya madini yaliyomo pekee, bali kwa kiasi kinachoyeyushwa na maji na kile kinachoyeyushwa na asidi iliyofananishwa na ya tumbo. Penye risasi bila aseniki, itiwe fosfati ya mifupa. Penye aseniki, utiwe udongo mwekundu au chuma kwanza, na fosfati isiguswe mpaka chuma kimeshika. Penye vyote viwili, dawa hizo zitiwe kwa mfuatano huo katika vipande vidogo vya ardhi, na kimoja kiachwe bila dawa yoyote ili kiwe cha kulinganishia. Na katika kila eneo kisima kilicho chini ya mteremko kipimwe aseniki kabla ya gunia la kwanza kufunguliwa, kisha kipimwe tena kila mvua zinapokatika, kwa miaka isiyopungua mitano, na majibu yake yabandikwe katika ofisi ya kijiji, mahali ambapo wanaochota maji watayasoma.